Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ruzuku za wakfu kwa watafiti wa vyuo vikuu

Ukurasa huu ni wa mhadhiri au mtafiti anayetafuta fedha za wakfu, na wa ofisi ya utafiti inayomsaidia. Majibu mengi hapa chini yanazungukia jambo moja: ombi zuri likipelekwa mahali pasipo pake hukataliwa kama ombi baya, tena mapema zaidi. Ndiyo maana tumetumia nafasi kubwa kueleza kazi inayofanyika kabla ya kuanza kuandika.

Fedha za wakfu zina tofauti gani na fedha za utafiti za serikali?

Mfuko wa serikali hutangaza wito, huweka vigezo, kisha hukusanya wataalamu wa fani wapige alama. Wakfu una mwanzilishi, hati ya kuanzishwa na bodi ya wadhamini, na fedha zake zina nia maalumu. Wellcome ya London ilianza mwaka 1936 kutokana na wosia wa Henry Wellcome, na hadi leo shughuli zake ni sayansi na afya. Russell Sage Foundation ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1907, hufadhili sayansi ya jamii inayohusu hali ya maisha nchini Marekani. Kuiombea mradi wa fizikia ni kupoteza muda wa pande zote mbili.

Usihukumu kwa jina peke yake, hata hivyo. Wakfu wa Volkswagen ulioko Hannover, Ujerumani, hauko chini ya kampuni ya magari, na hufadhili fani nyingi, zikiwamo sayansi za jamii na fasihi.

Kivitendo tofauti ni hizi. Afisa programu wa wakfu, yaani mfanyakazi anayesimamia eneo fulani la ruzuku zake, ana uzito mkubwa katika kuamua nini kifike mezani kwa bodi. Wasomaji wa ombi lako wanaweza wasiwe wa fani yako. Na swali la «hii itabadilisha nini, na kwa nani?» huulizwa mapema kuliko swali la mbinu za takwimu.

Nianze wapi kutafuta?

Wengi huanza kwa kuandika mada yao kwenye mtambo wa kutafutia wa intaneti. Njia hiyo huleta matangazo yaliyokwisha muda wake na orodha zilizonakiliwa kutoka tovuti nyingine. Anza na makala za kitaaluma. Chukua makala 20 za miaka mitano iliyopita zinazokaribiana na mradi wako, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya shukrani na taarifa ya ufadhili, uandike kila mfadhili anayetajwa. Jina linalojirudia mara tatu ni mfadhili aliyekwisha kuthibitisha kwa fedha zake kwamba mada yako inamgusa.

Baada ya hapo ingia kwenye hifadhidata. Candid, shirika lililoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha Foundation Center na GuideStar, lina orodha kubwa ya wakfu, hasa za Marekani. Kwa wafadhili wa Uingereza, GrantNav ya 360Giving huonyesha bure nani alipewa nini na kiasi gani. Hifadhidata za Pivot-RP na Research Professional hulipiwa. Uliza maktaba kama chuo chako kimejiandikisha kabla ya kutoa fedha yako mfukoni. Mara nyingi kimejiandikisha, ila tangazo halikuwafikia wahadhiri.

Weka matokeo kwenye jedwali moja: jina la mfadhili, mada anazolipia, kiasi cha kawaida cha ruzuku, nchi zinazoruhusiwa, njia ya kuomba, tarehe ya mwisho, na tarehe uliyohakiki taarifa hizo. Safu hiyo ya mwisho hupuuzwa sana, na bila hiyo orodha ya mwaka juzi itakudanganya mwaka huu.

Nitajuaje kwamba wakfu fulani kweli unafaa kwa mradi wangu?

Soma walichokilipia, usiishie kwenye wanachokisema. Ukurasa wa «dira na dhamira» huandikwa kwa maneno mapana yanayoweza kumeza mradi wowote ule. Orodha ya ruzuku zilizotolewa ndiyo inayosema kweli.

Kwa wakfu binafsi za Marekani kazi hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila mwaka hupaswa kuwasilisha Fomu 990-PF kwa mamlaka ya kodi, na fomu hiyo ni waraka wa wazi. Unaweza kuisoma bure kwenye tovuti ya Nonprofit Explorer ya ProPublica. Ndani yake angalia mambo manne:

1. Thamani ya mali. Kwa ujumla sheria huzitaka wakfu hizi zitoe kila mwaka takribani 5% ya thamani ya uwekezaji wao. Wakfu wenye dola milioni 10 basi hutoa kama dola 500,000 kwa mwaka, na kuuomba dola 400,000 kwa mradi mmoja ni ndoto.
2. Orodha ya ruzuku zilizolipwa. Hesabu ngapi zilikwenda vyuo vikuu. Kama ni hospitali, makanisa na shule za mji mmoja tu, hamisha jina hilo kwenye orodha ya «hapana».
3. Kiasi cha katikati. Panga ruzuku kuanzia ndogo hadi kubwa, utazame iliyo katikati. Wastani hupotoshwa na ruzuku moja kubwa iliyokwenda kwa chuo alichosoma mwanzilishi.
4. Sehemu ya maelezo ya maombi. Kuna kisanduku ambacho wakfu hukitia alama kama hutoa fedha kwa mashirika uliyokwisha kuyachagua wenyewe tu na haupokei maombi yasiyoalikwa. Kisanduku hicho kinaweza kukuokolea wiki mbili za kazi.

Kumbuka kwamba fomu hizi huchelewa. Ya mwaka wa fedha unaoishia Desemba huwasilishwa kufikia katikati ya Mei mwaka unaofuata, na nyongeza ya muda inaweza kuisogeza hadi Novemba. Kwa hiyo unasoma picha ya mwaka mmoja au miwili iliyopita. Linganisha na tovuti yao ya sasa, hasa kama wamepata rais mpya. Rais mpya wa wakfu mara nyingi huja na mkakati mpya, na programu iliyofadhili wenzako inaweza kuwa imefungwa.

Kipimo chetu ni hiki: ukishindwa kutaja ruzuku tatu walizotoa zinazofanana na mradi wako kwa mada, kwa aina ya taasisi na kwa kiasi, usiandike bado.

Tovuti inasema hawapokei maombi yasiyoalikwa. Ndiyo basi?

Kwa ombi, ndiyo. Kwa uhusiano, siyo lazima. Tazama wajumbe wa bodi na maofisa programu, kisha uulize ndani ya chuo kama kuna anayefahamiana nao kitaaluma. Ofisi ya chuo inayoshughulikia wahisani na wahitimu wa zamani huwa na kumbukumbu ambazo mtafiti hazioni. Ila usimwandikie mjumbe wa bodi kwa kumzunguka afisa programu. Huyo afisa ndiye atakayeletewa barua yako aijibu, na hatafurahi.

Je, niwasiliane na afisa programu kabla ya kuomba? Nimwambie nini?

Wasiliana naye, isipokuwa mwongozo wao unakataza. Kuzungumza na waombaji ni sehemu ya kazi yake. Kinachomchosha ni barua ndefu isiyo na swali, au swali ambalo jibu lake liko kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Barua pepe ya maneno yasiyozidi 150 inatosha. Mfano:

> Mada: Programu ya elimu ya awali: je, utafiti wa kupima matokeo unaingia?
>
> Dkt. ______, habari za kazi.
>
> Mimi ni mhadhiri wa afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha ______. Tunapanga utafiti wa miezi 24 katika shule 30, kupima kama kubadili saa ya mlo wa shule kunaongeza mahudhurio ya watoto wa madarasa matatu ya mwanzo. Tumeona kuwa miaka miwili iliyopita mlifadhili miradi miwili ya mlo wa shule, yote ya kutoa huduma.
>
> Swali letu ni moja: je, programu hii hufadhili pia utafiti wa kupima matokeo, au huduma pekee? Makadirio ya bajeti ni dola 180,000. Muhtasari wa ukurasa mmoja upo tayari ukihitajika.
>
> Asante kwa muda wako.

Angalia kilichomo: kazi, idadi, muda, ushahidi kwamba mwombaji amesoma ruzuku zao, swali moja linalojibika kwa «ndiyo» au «hapana», na kiasi cha fedha. Wengi huona haya kutaja kiasi. Afisa anakihitaji, kwa sababu pengine programu yake haizidi dola 50,000 na ni afadhali mjue wote mapema.

Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya siku kumi za kazi. Ukipata simu, andika majibu yake neno kwa neno. Akisema «hiyo inavutia, ila sisi tunaangalia zaidi walimu», amekupa mwelekeo wa ombi zima. Akisema «mnakaribishwa kuomba» bila kuongeza lolote, hajakupa chochote. Hiyo ni adabu tu.

Barua ya kuulizia iweje?

Wakfu nyingi hutaka kwanza barua ya kuulizia au fomu fupi mtandaoni, kisha huwaalika wachache waandike andiko kamili. Russell Sage hutaka barua ya kuulizia kabla ya yote. John Templeton Foundation huanza na maombi mafupi yanayojazwa kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Hatua hii ndiyo yenye mchujo mkali zaidi, na ndiyo ambayo watafiti huiandika usiku mmoja. Sisi tungegawa muda kinyume chake: wiki tatu kwa barua ya kurasa tatu.

Kwa kurasa tatu, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: tatizo na pengo la maarifa, nusu ukurasa, mtakachofanya na jinsi mtakavyokifanya, ukurasa mmoja na robo, timu, nusu, ratiba na bajeti kwa mafungu makubwa, nusu, robo inayobaki ieleze kwa nini wakfu huu hasa. Makosa ya kawaida ni kuugeuza huu mgawanyo kichwa chini miguu juu, kurasa mbili za historia ya tatizo na aya moja ya mbinu.

Sentensi za kwanza ndizo zenye kazi kubwa. Linganisha aya hizi mbili za kufungulia, za mradi uleule:

*«Maji ni uhai. Mabadiliko ya tabianchi ni changamoto kubwa inayoikabili dunia ya leo, na jamii nyingi za vijijini bado hazina maji safi na salama.»*

*«Visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono katika wilaya tunayoifanyia kazi hupimwa ubora wa maji mara moja tu, siku vinapokabidhiwa. Tutapima visima 120 kila mwezi kwa miezi 18, kabla na baada ya msimu wa mafuriko, ili mafundi wa maji wa wilaya wapate ratiba ya upimaji wanayoimudu.»*

Ya kwanza haikosei popote, na msomaji ameisoma mara mia. Ya pili inampa pengo, idadi, muda na mtu atakayetumia matokeo, yote kabla hajageuza ukurasa.

Wasomaji si wa fani yangu. Nirahisishe kiasi gani?

Mpe andiko mwenzako wa idara nyingine, umwombe akueleze mradi kwa sentensi tatu bila kuangalia karatasi. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha. Istilahi ambayo huwezi kuiepuka ieleze mara moja inapojitokeza, kisha itumie hiyohiyo hadi mwisho. Ukibadilisha maneno kwa ajili ya mapambo, msomaji atadhani unazungumzia vitu viwili. Lakini usiondoe mbinu. Wakfu nyingi huwapa wataalamu wa nje sehemu ya mbinu waipime, na andiko lililojaa hisia bila sampuli wala mpango wa uchambuzi huanguka hapo.

Inachukua muda gani kuanzia wazo hadi fedha kuingia?

Panga miezi tisa hadi kumi na miwili. Kutafuta na kuhakiki wafadhili huchukua mwezi mmoja au miwili, mawasiliano na barua ya kuulizia mwezi mmoja, kusubiri jibu miezi miwili au mitatu, andiko kamili wiki sita, halafu ni kusubiri bodi. Bodi nyingi hukutana mara mbili hadi nne kwa mwaka, na andiko likikosa kikao kimoja hungoja kinachofuata. Mkataba nao hula mwezi au zaidi. Kwa hiyo mshahara wa msaidizi wa utafiti unaoisha baada ya miezi minne hauwezi kuokolewa na ombi la leo.

Chuo kinaruhusiwa kupeleka ombi moja tu. Tufanyeje?

Hapa mchujo huanzia nyumbani. Mfano unaojulikana ni ufadhili wa wakfu wa Packard kwa wanasayansi na wahandisi chipukizi nchini Marekani: vyuo 50 hualikwa, kila kimoja kiteue watu wawili tu, na mshindi hupata dola 875,000 kwa miaka mitano. Sloan Research Fellowship, dola 75,000 kwa miaka miwili, nayo huhitaji uteuliwe. Huwezi kujipeleka mwenyewe.

Ofisi ya utafiti itangaze mchujo wa ndani angalau wiki kumi kabla ya tarehe ya mwisho ya mfadhili. Omba kurasa mbili za muhtasari, wasifu, na aya ya bajeti. Kamati ya watu watatu hadi watano wasio na maslahi itoe uamuzi ndani ya siku saba, na sababu ziandikwe. Ikiwa mkuu wa kitivo anamteua mtu wake kwa simu bila tangazo, chuo kitaishia kupeleka ombi dhaifu na kuwavunja moyo wenye maombi yenye nguvu. Mfadhili akipokea mawili kutoka chuo kilichoruhusiwa moja, anaweza kuyatupa yote mawili.

Bajeti iwe kiasi gani?

Iwe gharama halisi ya kazi, ikiwa ndani ya kiasi ambacho wakfu hutoa kwa kawaida. Ukomo uliotangazwa si lengo la kufikia. Ombi la dola 49,990 pale ukomo ulipo dola 50,000 humwambia msomaji kwamba ulianzia mwisho ukarudi nyuma.

Jenga bajeti kutoka kwenye kazi, shughuli moja baada ya nyingine. Chukua mahojiano 40 ya saa moja moja. Kunukuu saa moja ya sauti kwa maandishi huchukua kama saa nne hadi sita kwa mtu mzoefu, yaani saa 160 hadi 240, au siku 20 hadi 30 za kazi za mtu mmoja. Kama mahojiano yanahitaji tafsiri, ongeza muda mwingine kama huo. Bajeti nyingi za sayansi ya jamii huandika «unukuzi» kwa fungu dogo la kukisia, halafu katikati ya mradi mtafiti mkuu anajikuta ananukuu mwenyewe usiku.

Muda wa watu hukokotolewa kwa asilimia. 10% ya muda wa kazi ni nusu siku kwa wiki, au mwezi mmoja na siku chache kwa mwaka. Mtafiti mkuu anayejiandikia 5% katika mradi wenye sehemu nne za nyanjani haaminiki, na aliyekwisha kuahidi 100% kwenye miradi mingine haaminiki zaidi. Weka pia ada za kibali cha maadili, uhifadhi wa data, malipo ya benki, na ongezeko la mishahara la mwaka wa pili na wa tatu.

Bajeti ikiwa kwa sarafu moja na matumizi kwa nyingine, andika kiwango cha ubadilishaji ulichotumia na tarehe yake. Sarafu ikiyumba, waraka huo ndio utakaobeba maombi yako ya marekebisho.

Gharama zisizo za moja kwa moja zinahesabiwaje?

Hizi ni gharama za chuo ambazo hazifungamani na mradi mmoja: umeme, uhasibu, maktaba, majengo. Wakfu nyingi huziwekea ukomo wa chini sana kuliko serikali, na baadhi hazilipi kabisa. Gates Foundation kwa muda mrefu imeweka ukomo wa 10% kwa vyuo vikuu vya Marekani.

Mtego uko kwenye swali «asilimia 10 ya nini?». Tuseme jumla isizidi dola 100,000:

- 10% ya gharama za moja kwa moja: 100,000 ÷ 1.10 = 90,909 za mradi, na 9,091 za chuo.
- 10% ya jumla ya ruzuku: 90,000 za mradi, na 10,000 za chuo.

Tofauti ni dola 909. Ni ndogo, ila hesabu isiyolingana na mwongozo hurudisha ombi zima kwa marekebisho, kama kuna muda wa kurudisha. Soma sentensi yao, usikopi fomula ya mradi uliopita.

Ikiwa kiwango cha chuo ni 40% na mfadhili hulipa 10%, kuna pengo linalobebwa na chuo. Pata ridhaa ya maandishi ya ofisi ya fedha kabla ya kupeleka ombi. Ofisi ikikataa baada ya ushindi, mtafiti anabaki katikati, na mfadhili huona chuo kisichojipanga. Gharama kama mhasibu wa mradi au pango la ofisi ya nyanjani zinaweza kuwekwa kama za moja kwa moja pale mwongozo unaporuhusu, mradi zinathibitika kuwa za mradi huo.

Barua za kuunga mkono zina uzito?

Zina uzito zikiahidi kitu. «Tunaunga mkono juhudi hizi muhimu» haina thamani. «Tutatoa chumba cha maabara, afisa mmoja kwa siku mbili kila mwezi, na ruhusa ya kutumia takwimu za wagonjwa zilizofichwa majina kuanzia 2018» ina thamani. Barua tano zenye aya zilezile zinazofanana hutambulika mara moja.

Mimi ni mtafiti chipukizi, sina ruzuku hata moja nyuma yangu.

Tafuta programu zilizotengwa kwa ajili yako, maana zipo nyingi, na soma vizuri namna wanavyohesabu miaka: wengine huanzia tarehe ya shahada ya uzamivu, wengine tarehe ya ajira ya kwanza ya kudumu. Likizo ya uzazi au ugonjwa mara nyingi huongeza muda, ila lazima uiombe. Anza na ruzuku ndogo yenye ripoti fupi. Spencer Foundation, kwa utafiti wa elimu, ina ruzuku ndogo zisizozidi dola 50,000. Ruzuku ndogo iliyokamilika kwa wakati na kuripotiwa vizuri humshawishi mfadhili wa pili kuliko jina la profesa mashuhuri ulilolipachika kama mtafiti mwenza asiyekuwa na kazi yoyote.

Naweza kupeleka mradi mmoja kwa wakfu mbili kwa wakati mmoja?

Ndiyo, kama mwongozo haukatazi na ukisema wazi. Kila ombi liwe na orodha ya maombi yanayosubiri majibu. Wote wakikubali, gawanya kazi: mmoja alipie ukusanyaji wa data, mwingine uchambuzi na usambazaji. Kulipwa mara mbili kwa gharama moja ni kosa linalotosha kukufungia milango kwa wote wawili.

Vipi kuhusu akili bandia katika kuandika?

Soma sera ya mfadhili kwanza. Baadhi hutaka utamke kwamba umeitumia. Usiipe data za siri wala andiko la mwenzako unalolipitia. Na hakiki kila rejeo kwa mkono, kwa sababu programu hizi hubuni makala ambazo hazipo, na msomaji mtaalamu atazitafuta.

Nini huharibika siku ya mwisho?

Karibu kila mara ni vitu vidogo. Sanduku la mfumo huhesabu herufi pamoja na nafasi, na muhtasari wako ulihesabiwa kwa maneno. Jedwali lililonakiliwa hupoteza safu zake. Mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya chuo yuko safarini. Tarehe ya mwisho ni saa 11 jioni ya New York, ambayo ni saa 3 usiku kwa UTC (saa ya kimataifa ya marejeo) wakati wa kiangazi cha huko na saa 4 usiku wakati wa baridi. Kokotoa saa yako kutoka hapo. Fungua akaunti kwenye mfumo wiki nne kabla, jaza majibu ya majaribio katika kila ukurasa, na peleka ombi saa 48 kabla. Kisha pakua nakala ya kilichopokelewa uisome yote.

Ombi limekataliwa. Nifanye nini?

Subiri siku chache, kisha andika barua fupi ya shukrani na swali moja: je, wangependa kuona mradi huu tena ukiwa umerekebishwa? Wengine hawatoi maoni, na hiyo si dharau. Wasomaji wao ni wachache. Wakitoa, tenganisha maoni ya aina mbili. «Mbinu haielezi utakavyopata washiriki» hurekebishika. «Haiendani na vipaumbele vyetu» haipaswi kukupeleka kwenye kalamu nyekundu, bali kwenye lile jedwali la wafadhili, kuangalia ulipotea wapi wakati wa kuchagua.

Tumeshinda. Tuangalie nini kabla ya kusaini?

Msisaini bila ofisi ya sheria ya chuo kusoma. Angalieni nani anamiliki matokeo na hakimiliki. Angalieni pia kama mfadhili anataka kuidhinisha makala kabla hazijachapishwa, jambo ambalo chuo kinapaswa kulikataa. Malipo hutolewa kwa awamu zipi na kwa sharti lipi. Na nani hubeba hasara ya ubadilishaji wa fedha. Someni sera ya uchapishaji wa wazi. Gates Foundation, kwa mfano, tangu 2025 hutaka makala iwekwe hadharani kama toleo la awali kabla ya kupitiwa na jarida, na hailipi tena ada za kuchapisha. Mwenye bajeti ya zamani yenye fungu hilo atalikosa. Wakfu binafsi za Marekani zikitoa fedha kwa taasisi ya nje ya nchi hutakiwa na sheria kufanya uhakiki wa ziada, kwa hiyo hati za usajili na hesabu zilizokaguliwa ziwe tayari.

Uliza pia kama ni ruzuku au ni zawadi. Ruzuku ina malengo, ripoti na tarehe ya mwisho. Zawadi ina masharti machache, na vyuo vingi huipitisha ofisi nyingine kabisa. Fedha ikiingizwa kwenye akaunti isiyo yake, kuihamisha kunaweza kuchukua miezi.

Mradi ukichelewa, omba nyongeza ya muda isiyo na fedha angalau siku 60 kabla ya kuisha. Ombi la siku ya mwisho humlazimu afisa kueleza kwa wakubwa wake kitu ambacho angependa kukijua mapema.

Ofisi yetu ya utafiti ina mtu mmoja. Aanze na kipi?

Asianze na jarida la kila wiki lenye fursa 60. Watu huacha kulifungua. Achague watafiti kumi walio tayari, akae na kila mmoja saa moja, atoke na maneno matano ya kutafutia na kiasi cha fedha kinachohitajika. Kila mwezi ampelekee kila mtu fursa mbili tu, kila moja na mistari mitatu: kwa nini inafaa, ruzuku gani inayofanana ilishatolewa, na hatua ya kwanza ina tarehe gani. Kisha atengeneze folda moja ya hati zinazoombwa kila mara: cheti cha usajili wa chuo, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, orodha ya wajumbe wa baraza, namba ya akaunti ya benki, maelezo ya chuo kwa maneno 100, 250 na 500. Hati hizi huchukua siku moja kukusanya zikitafutwa kwa utulivu. Zikitafutwa alasiri ya siku ya mwisho, mara nyingi moja hukosekana, na mara nyingi ni hesabu zilizokaguliwa.